Pazia la Kikokotoo Namba Kumi na Saba

"Umefikia ngapi, Baba?"

"Elfu nne mia sita na mbili."

"Mh! Bado mkubwa huo. Punguza tena."

Mzee Stoo alicheka kwa raha, akasogeza kiti karibu na dirisha apate mwanga wa mchana. Mkononi alishika kikokotoo cha shule, kile cha kuchorea grafu, kizito kama kipande cha sabuni ya mche, kona moja imepasuka na mgongoni kimeandikwa 17 kwa rangi nyeupe. Ndani ya kidude hicho kulikuwa na mchezo wa kupiga risasi ambao yeye, mtunza stoo wa shule, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, alikuwa ameuandika peke yake, herufi kwa herufi, kwa vidole vile vile vya kubebea makasha ya chaki. Ndiyo, mtu mzima. Cheka umalize, halafu tuendelee.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kijitu cha nukta kumi na mbili kilisimama chini ya skrini, mende wakashuka kutoka juu, nacho kikawafyatulia risasi. Walikuwa mende kwa sababu stoo ya shule ilijaa mende. Mwisho kabisa lilishuka jitu lenye miwani mikubwa na nywele zilizofungwa fundo utosini, na yeyote aliyesoma pale angejua papo hapo ni nani. Mwaka uliopita boksi la chaki lilipotea, na Mkuu wa shule akamfanya Mzee Stoo amwage mfuko wake wa chakula getini, mbele ya wanafunzi wanaotoka. Boksi lilikutwa baadaye chini ya meza ya Mkuu mwenyewe. Mkuu hakuomba radhi. Mzee Stoo hakusema neno, ila tangu siku hiyo alianza kuchora miwani.

"Wenzio wakikaribia kustaafu wanafuga kuku," alisema mkewe, ambaye alikuwa amekaa mlangoni akijipaka mafuta mikononi. Alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na dawa za kule zilikuwa zimemchana ngozi mpaka kati ya vidole. "Wewe unafuga mende."

"Wangu hawali pumba."

"Wanakula akili. Na ya mtoto pia. Wiki mbili mtihani, mwache asome!"

"Nasoma, Mama," alisema Kitinda. Alikuwa mtoto wao wa mwisho, na jina hilo lilimkaa tangu alipozaliwa. "Hii nayo ni hesabu."

Mzee Stoo alimwangalia mkewe kwa ushindi. Kwa miaka miwili hakuna mtu nyumbani aliyeuliza hata mara moja anaandika nini. Kisha, wiki sita zilizopita, Kitinda alikaa pembeni yake akauliza. Akataka aelezwe baiti ni nini, na Mzee Stoo akamwambia kuwa ni chembe za nafasi ndani ya kumbukumbu ya kikokotoo, na kwamba kikokotoo hiki ni cha zamani, nafasi yake finyu kama nyumba yao. Akataka kujua mchezo unakula ngapi na zinabaki ngapi. Tangu hapo kila Jumapili alikuja na swali lile lile, na baba mtu, kwa furaha, akawa anaupunguza. Alifuta mlio. Alifuta mende wa aina ya pili. Aliwaondolea mende miguu, wakabaki vitone vinavyotikisika.

Kila toleo jipya alilipitisha kwa waya hadi kwenye kikokotoo cha Kitinda, kile alichoazimwa na shule kwa mwaka wa mtihani kama watahiniwa wote arobaini. Na pamoja na mchezo likaenda pazia.

Pazia nalo lina kisa chake. Kila Ijumaa Mwalimu wa hesabu aliingia stoo akavifuta kumbukumbu vikokotoo vyote vya akiba, visijae upuuzi. Mara mbili alimfutia Mzee Stoo mchezo bila kujua, na mara ya pili Mzee Stoo alikwenda nyuma ya vyoo akalia machozi kabisa. Aliporudi akatunga dawa. Ukibonyeza vitufe vya kufuta, skrini iliandika KUMBUKUMBU IMEFUTWA, orodha ikabaki tupu, kumbe hakijafutwa kitu. Ili kufungua, ulibonyeza kushoto, kushoto, juu. Pazia na mchezo alivisuka pamoja, kama ukili wa mkeka, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

"Lina kasoro moja," alimwambia Kitinda Jumapili hiyo. "Ukifuta kwelikweli, mashine inarudi kama ilivyotoka kiwandani, hata maandishi yanapauka. La kwangu linabaki jeusi. Naweza kulirekebisha, lakini litakula kama baiti arobaini hivi."

"Achana nalo, Baba," Kitinda alisema upesi. "Nani ataangalia rangi? Wewe punguza tu."

Akapunguza.

*

Jumatano, Mkuu aliingia stoo bila kubisha hodi. Alikuwa na karatasi mkononi na miwani usoni, na Mzee Stoo alikisukuma kikokotoo namba kumi na saba chini ya daftari la vifaa kwa kiwiko.

"Umesikia yaliyowakuta wenzetu mwaka jana," Mkuu alisema. Hakuwa anauliza. "Mtoto mmoja kakamatwa na kanuni za hesabu ndani ya kikokotoo. Mmoja tu. Shule nzima ikazuiliwa matokeo, na yule mtoto kafungiwa miaka mitatu asifanye mtihani wowote."

"Nilisikia, Mkuu."

"Kwa hiyo mwaka huu kuna fomu. Kila mtahiniwa atafuta kumbukumbu mbele ya ofisa wa shule, atainua skrini, ofisa ataona, ataweka tiki, atasaini. Walimu wamekataa, kila mmoja ana udhuru." Aliweka karatasi juu ya kaunta. "Wewe huna udhuru."

"Mimi mtu wa stoo tu, Mkuu."

"Vikokotoo ni vya stoo. Jina lako, saini yako. Kikionekana kitu ndani ya chochote, nitakujua wewe. Na ile nyumba unayokaa, Mzee, nadhani unakumbuka ni ya shule."

Alitoka. Mzee Stoo alibaki ameshika kalamu. Hofu yake ilikuwa moja tu: mtu akiliona lile jitu lenye miwani, amekwisha. Kwa upande wa wanafunzi hakuwa na wasiwasi, watafuta, na hata Kitinda atalifungua pazia kwanza afute kwelikweli; ataangalia, basi.

Mchana alipita kwenye ujia wa madarasa na rundo la karatasi begani. Kwenye ngazi walikaa wasichana na wavulana kama kumi, vikokotoo mapajani. Walipomwona walinyamaza wote kwa pamoja. Kitinda alikuwa katikati yao.

"Shikamoo, Mzee Stoo," alisema.

"Marahaba."

Shuleni alimwita hivyo hivyo kama wenzake walivyomwita. Walikubaliana tangu mwaka wa kwanza, watoto wasimtanie. Kila mara aliposikia kitu kilimchoma kidogo, lakini alikuwa amezoea.

Alipopita, alimwona msichana wa pembeni akichezesha kidole gumba. Kushoto, kushoto, juu. Mzee Stoo alikaribia kuangusha karatasi. Mchezo wake! Watoto wanaucheza! Na mbona wamenyamaza vile, wakiwa wameinamisha nyuso kama watu kwenye chumba cha mgonjwa, hakuna anayecheka, hakuna anayesema "nimekufa"? Alijiambia wanamwonea haya. Wale wa nyuma hata walimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona.

"Wanaucheza," alimwambia mkewe alipofika nyumbani. "Kundi zima."

"Nani kawapa?"

"Kitinda, nani mwingine."

Mkewe hakufurahi. "Baba Kitinda, yule mtoto tangu lini akapenda michezo? Huyu wa kwetu, ambaye ukimpa karata anasinzia?"

"Amebadilika."

"Haya," alisema mkewe. "Mimi ninachotaka afaulu hesabu tu, apokelewe uuguzi. Asije akafua mashuka haya ya watu. Mengine chezeni."

*

Siku ya mtihani wa hesabu ukumbi ulinuka dawa ya sakafu. Madawati arobaini yalipangwa safu tano, na mbele kulikuwa na meza ya msimamizi mgeni, mwanamume mwembamba mwenye saa kubwa aliyekuwa akiangalia zaidi saa kuliko watu. Bahasha ya maswali ilikuwa mbele yake, lakiri haijavunjwa. Pembeni yake alisimama Mkuu. Chini ya meza kulikuwa na kasha la vikokotoo vya akiba, namba kumi na saba kikiwemo, maana vyote vya akiba vilitakiwa kuletwa.

"Ofisa wa shule, endelea," alisema mgeni. "Tuna dakika kumi na tano."

"Futeni," alisema Mzee Stoo. Akafungua kifuniko cha kalamu. "Futeni, muinue."

Vitufe vya vikokotoo arobaini vililia kwa pamoja. Skrini zikainuliwa. Alianza safu ya kwanza, kalamu mkononi. KUMBUKUMBU IMEFUTWA, maandishi yamepauka, tiki. KUMBUKUMBU IMEFUTWA, yamepauka, tiki. Ya tatu ilikuwa nyeusi.

Alisimama. Alidhani ni mwanga. Aliinamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto, maandishi yakabaki meusi tii. Mwenye kikokotoo, yule msichana wa kidole gumba, alitazama mbele bila kupepesa. Mzee Stoo aliweka tiki kwa sababu mkono ulikuwa tayari umeanza kuiweka.

Safu ya pili, nyeusi mbili. Ya tatu, nyingine nne. Hii ilikuwa kazi ya mikono yake, aliyoitunga baada ya kulia nyuma ya vyoo, na sasa ilikuwa ikimwangalia kutoka kila upande wa ukumbi. Wanaucheza, alikuwa amesema. Jamani, mtu anacheza na uso kama ule? Alipofika safu ya tano alikuwa amehesabu kumi, na dawati la mwisho dirishani lilikuwa la Kitinda.

Kitinda alikuwa amekiinua cha kwake kwa mikono miwili. Nyeusi.

"Futa tena," Mzee Stoo alinong'ona.

"Nimefuta, Mzee Stoo."

"Futa tena, nimekwambia."

Alibonyeza. Pazia likaja upya, jeusi vile vile. Macho yao yalikutana juu ya skrini na Kitinda akawa wa kwanza kuangalia pembeni. Hapo ndipo Mzee Stoo alipoanza kusikia lile swali la kila Jumapili, umefikia ngapi, Baba, zinabaki ngapi, akalisikia kwa sikio jingine kabisa. Hakutaka kulifikiria mpaka mwisho. Alilisukumia mbali.

"Tayari, Ofisa?" mgeni aliita.

Fomu ilikuwa na tiki thelathini na tisa na nafasi moja ya saini. Angeweza kusaini. Yule mgeni hakuwa amegeuza hata shingo, yeye na saa yake. Angesaini, arudi stoo, afunge mlango, na jioni akalale kwenye nyumba yake. Lakini kwa saa tatu Kitinda angekuwa amekaa hapo na kitu kile mkononi, na mgeni akipita mara moja tu nyuma ya dawati lake, miaka mitatu. Mkewe na mikono yake iliyopasuka. Uuguzi. Na watoto wengine kumi wenye mama zao.

Lakiri ilikuwa bado nzima. Kabla ya lakiri kuvunjwa hakuna mtihani, na pasipo mtihani hakuna kosa la mtahiniwa. Hilo alilijua, lilikuwa limeandikwa kwenye fomu aliyoisoma mara nane tangu Jumatano. Mzee Stoo alipiga moyo konde.

"Bado," alisema kwa sauti. "Betri zitoke. Zote. Vikokotoo vyote arobaini."

"Kwa nini?" Mkuu alidakia. "Si wamefuta? Naona hadi hapa."

"Yale maandishi yanaweza kudanganya, Mkuu."

Mgeni aliacha saa. "Wewe umejuaje?"

Mzee Stoo alitembea hadi mbele, akainama, akatoa namba kumi na saba kwenye kasha. Angeweza kuonesha kwa kikokotoo chochote kati ya vile kumi na kimoja, lakini mwanafunzi mwenye nacho angejulikana papo hapo mbele ya Mkuu. "Kwa sababu nimeyatengeneza mimi," alisema. "Tazama." Akabonyeza vitufe vya kufuta, likaja pazia. Akabonyeza kushoto, kushoto, juu.

Alikuwa amesahau aliuacha mchezo wapi. Skrini ilifunguka, na jitu likashuka taratibu, na miwani yake, na fundo lake la nywele utosini, na kijitu cha nukta kumi na mbili kikaanza kulifyatulia risasi za uso. Mgeni aliangalia skrini. Akamwangalia Mkuu. Akaangalia skrini tena, akakohoa kwenye ngumi. Mkuu alivua miwani yake polepole, akaifuta, akaivaa.

"Tuendelee na betri," alisema mgeni.

Kila kikokotoo kilikuwa na betri nne na nyingine ndogo bapa ya akiba, iliyoshikwa na skrubu. Mzee Stoo alitoa bisibisi mfukoni. Alipita madawati yote, hata yale yaliyopauka, asijulikane nani ni nani, akifungua, akitoa, akihesabu hadi sitini, akirudisha. Ilimchukua zaidi ya saa nzima. Watoto kumi hawakuinua nyuso. Kitinda, aliporudishiwa cha kwake, alisema, kwa sauti ambayo dawati la jirani liliisikia wazi, "Baba."

"Fanya mtihani wako," alisema Mzee Stoo.

"Na hicho," alisema mgeni alipomaliza, akionesha namba kumi na saba.

Akafungua skrubu yake pia. Miaka miwili ilitoka na kibetri kikubwa kama kifungo cha shati. Alipokiwasha kikokotoo tena, kikaja na maandishi yaliyopauka, mazuri, ya kweli.

Mkuu alinyoosha mkono, kiganja juu. Mzee Stoo akaweka funguo za stoo kwenye kiganja hicho mbele ya watu wote. "Wiki moja," Mkuu alisema alipomsindikiza hadi mlangoni. "Nyumba iwe wazi. Na barua itakwenda juu, usidhani yameishia hapa. Watataka kujua nani alikupa kazi hiyo na kina nani ulikuwa unawahudumia."

"Hakuna aliyenipa, Mkuu."

"Hilo utawaambia wao."

Nyuma yao mgeni alivunja lakiri.

*

Kitinda alirudi saa tisa mchana. Magodoro yalikuwa yameshafungwa kamba, na mama yake alikuwa akifunga sufuria kwenye shuka, haraka haraka, hasemi. Alikuwa amesema yote tangu asubuhi. Alimwita mumewe mjinga, akamwita mtoto, akalia, kisha akasema kama ni yeye angefanya hivyo hivyo, kisha akarudia kumwita mjinga.

Mzee Stoo alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Mikono ilikuwa mapajani haina kitu, nayo ilionekana haijui ikae vipi.

"Umefanyaje?" aliuliza.

"Vibaya." Kitinda alibaki mlangoni na begi lake. "Maswali sita sikugusa. Ungenyamaza tu, Baba. Yule mgeni hakuinuka kwenye kiti hata mara moja. Saa tatu nzima."

Mama alisimama, sufuria mkononi. "Unamwambia nini baba yako?"

"Mwache," alisema Mzee Stoo. "Nina swali moja tu. Nyuma ya pazia uliweka nini?"

Kitinda aliuma mdomo. Machozi yalianza kumtoka, hakuyafuta.

"Kanuni," alisema. "Za miaka yote minne. Mwanzoni hazikutosha. Kila ulipopunguza mchezo, tuliongeza. Ile Jumapili ya mwisho ndiyo zikaenea zote."

Mzee Stoo aliitikia kwa kichwa. Aliwafikiria mende aliowaondolea miguu, mmoja mmoja, kwa Jumapili sita, na mtoto amekaa ubavuni mwake. Zilikuwa Jumapili nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo kwenye nyumba hii.

"Na lile jitu," aliuliza, "uliwahi kulifikia? Linakufa kwa risasi ishirini. Nililiweka hivi, ukilipiga risasi ya mwisho, linavua miwani linaomba radhi."

"Sikuwahi kuucheza, Baba."

Mama aliweka sufuria chini. Mzee Stoo aliinuka, akashika upande mmoja wa godoro, na baada ya muda Kitinda akaweka begi chini akashika upande wa pili.